Bati Lako Usinilipishe, Binadamu Usimwache

Najua wengi mmezama kwenye maandalizi ya mitihani, bumu limeshakata na akili zimechoka. Lakini kuna ubishi umelishika bweni letu wiki nzima na nimeamua kuumalizia hapa kwa maandishi, maana kwa mdomo wale jamaa wananizidi sauti.

Ubishi wenyewe ni wa video za Nürburgring, ule uwanja wa mbio wa Ujerumani ambao mtu yeyote mwenye leseni na gari anaweza kulipa kiingilio, akaingia na kukimbiza. Kwenye video gari la mtu limejibamiza kwenye vyuma vya pembeni, limekunjika kama chapati. Mmoja kasema, "Si ana bima kubwa? Atalipwa." Mwingine kasema halipwi ng'o. Wa tatu kafunga mjadala na ile hukumu yetu ya kitaifa: "Bima wote wezi!"

Hapana jamani. Mimi nasema hivi, na sipepesi macho: kampuni ya bima ikikataa kulipia gari ulilolipondaponda uwanjani kwa raha zako, hiyo ni haki kabisa. Lisilo haki ni kumwacha hivihivi mtu uliyemvunja mguu ukiwa kwenye raha hizohizo. Watu wanalilia la kwanza na kulinyamazia la pili. Nataka tukigeuze hicho kilio.

Tuanze na bati.

Kwa wasiojua, Ulaya na Marekani kuna hizi siku za uwanja kwa watu wa kawaida. Siyo madereva wa timu, ni mwalimu, fundi bomba, daktari wa meno. Unalipa kiingilio, unaingia kwenye uwanja kama Brands Hatch au Silverstone kule Uingereza na gari lako lilelile la kwendea kazini Jumatatu. Asubuhi mnakalishwa mnaelezwa masharti: kofia ngumu kichwani, hakuna kushindana, hakuna kupima muda kwa saa, kupitana ni kwa kuruhusiana na kwa upande uliopangwa. Halafu bendera inapungwa, mnaingia. Kwa maandishi siyo mashindano. Kwa mguu wa kulia, kila mtu anajua mwenyewe.

Nürburgring ina kisa chake zaidi. Ule mzunguko wake mrefu wa kaskazini, Nordschleife, ulifunguliwa mwaka 1927. Una urefu wa kilomita 20.8 na kona zaidi ya 70, unapanda na kushuka katikati ya misitu ya milima ya Eifel. Jackie Stewart, bingwa wa dunia mara tatu, aliuita jehanamu ya kijani. Tarehe 1 Agosti 1976 Niki Lauda aliungua ndani ya gari lake pale na nusura afe, na Formula 1 haikurudi tena kushindana kwenye mzunguko ule mrefu. Sasa hapohapo, siku za wazi kwa umma, sheria inahesabu kuwa ni barabara ya kulipia ya njia moja. Sheria za barabarani za Ujerumani zinatumika, hata kupita gari la mbele kwa upande wa kulia ni marufuku.

Hapo ndipo mtu mjanja anaponyanyua kidole: "Kama ni barabara, basi bima yangu ya barabarani inafanya kazi!"

Na kweli, zamani mwanya huo ulikuwepo. Mikataba mingi ilikataza matukio ambayo lengo lake ni kufikia kasi ya juu kabisa. Dereva anagonga, anakuja na sura ya kondoo: mimi sikuwa nashindana, nilikuwa nafurahia mandhari. Makampuni yakajifunza. Siku hizi mikataba mingi ya Ujerumani inasema wazi kwamba bima ya gari lako mwenyewe haifanyi kazi kwenye viwanja vya mbio hata kama kasi siyo lengo, na safari za kitalii za uwanjani zinatajwa kwa jina. Yanayoruhusiwa ni mafunzo ya usalama wa kuendesha. Marekani mambo yalikwenda njia hiyohiyo: kwanza kilikatazwa kitendo cha kushindana, baadaye maneno yakapanuliwa yakagusa na mahali penyewe, yaani ndani ya eneo lililojengwa kwa ajili ya mbio. Paka na panya. Kila panya akitoboa tundu, paka anapiga plasta.

Je, huo ni wizi? Hebu tufikirie kidogo kama watu wazima.

Bima ni kuchangizana. Ni chama cha kuzikana cha mtaani kwenu, tofauti yake ni kwamba hiki kina ofisi yenye kiyoyozi. Mnachangia msiba kwa sababu msiba haumchagui mtu. Sasa akitokea mwanachama na bajeti ya sherehe yake akataka mfuko umlipie muziki, mtamwambiaje? Chukueni mfano wa kubuni. Tuko watu 1,000, kila mmoja analipa shilingi laki 5 kwa mwaka, mfuko unafika milioni 500. Watano kati yetu wanakwenda uwanjani, kila mmoja anaua gari la milioni 30. Hizo ni milioni 150, asilimia 30 ya mfuko mzima, zimekwenda kwa watu watano waliokuwa wanajifurahisha. Mwakani ada inapanda kwa wote. Nani anailipa? Mama mwenye Vitz anayekwenda nayo sokoni na kanisani, ambaye hajawahi kuvuka kilomita 80 kwa saa tangu apate leseni.

Wale wa sayansi wenzangu mnaijua hii: nishati ya mwendo inapanda kwa mraba wa kasi. Gari linalokwenda 180 lina nishati mara 9 ya lile linalokwenda 60, siyo mara 3. Nishati yote hiyo breki inabidi izigeuze kuwa joto, kona baada ya kona. Breki za gari la kawaida hazikutengenezwa kwa mateso hayo. Mafuta yake yanachemka, unakanyaga pedali inazama kama godoro la hosteli, na vyuma vya pembeni vinakuja. Ada yako ya bima ilikadiriwa kwa foleni na parking. Ulilolifanya uwanjani ni jambo jingine, lina bei yake nyingine.

Na bei hiyo ipo! Hili ndilo wapiga kelele hawalisemi. Uingereza unaweza kununua bima ya siku moja ya uwanja. Mnakubaliana thamani ya gari, na wewe unabeba sehemu ya kwanza ya hasara, mara nyingi asilimia 10 ya thamani yake. Gari la pauni 20,000, hasara ya kwanza ya 2,000 ni yako. Ukiona ghali, basi umeambiwa ukweli kuhusu unachokifanya. Mwenye pesa ya matairi mapya kila baada ya safari tatu asituambie kapungukiwa na pesa ya bima.

Makampuni nayo yasijifanye malaika. Haki ya kukataa inategemea kusema mapema na kwa sauti. Hili jina letu la "bima kubwa" linadanganya watu: mtu anasikia kubwa anadhani ni kila kitu, kumbe kuna ukurasa wa vikwazo ambao hakuna aliyemsomea. Nchi za Umoja wa Ulaya tangu 2018 zinalazimisha mnunuzi apewe karatasi fupi yenye mpangilio mmoja kwa makampuni yote, na sehemu mojawapo inajibu swali la kisichokatiwa bima. Hilo nalipigia makofi. Lakini ukishaambiwa, na ukaenda, bati ni lako. Beba.

Sasa tuje kwa binadamu. Hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Uwanjani hauko peke yako. Kuna mtu amesimama kona ya nne na bendera ya njano mkononi, mara nyingi ni wa kujitolea. Kuna rafiki yako uliyemkalisha kiti cha abiria. Kuna mpiga picha. Kuna dereva mwingine mbele yako ambaye naye kalipa kiingilio kama wewe. Bima nyingi za siku ya uwanja zinalinda nini? Gari lako. Bati! Dhima yako kwa dereva mwenzako mara nyingi haimo, au ni nyongeza unayoweza kuikataa ili kubana matumizi. Na asubuhi kabla ya kuingia mnasainishwa karatasi: nafahamu mchezo huu ni wa hatari, naingia kwa hiari yangu.

Mwenye uwanja kwa kawaida ana bima yake. Na Uingereza tangu mwaka 1977 sheria inamkataza mfanyabiashara kujivua kwa karatasi dhima ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake. Safi sana. Lakini sheria hiyo inamshika mfanyabiashara. Je, yule kijana aliyekugonga ubavuni, aliyekuja na gari la mkopo na hana hata akiba ya mwezi? Umshtaki, ushinde, upewe hukumu ya mabilioni. Umeshinda karatasi. Mguu hujarudishiwa na bili ya hospitali hujalipiwa.

Hapo utasikia ile hoja inayonichefua kuliko zote: "Alikubali mwenyewe. Aliyaona, akaingia."

Hoja hiyo ina historia, tena chafu. Uingereza ilianza kulazimisha bima ya magari kwa sheria ya mwaka 1930. Lakini abiria wa kawaida wa gari binafsi hakuwemo kwenye ulazima ule. Ilichukua hadi Desemba 1972, miaka zaidi ya 40, ndipo kumkatia bima abiria kukawa lazima. Na sheria ya leo inamzuia dereva kujitetea kwamba abiria alijua hatari akaikubali. Kwa nini? Kwa sababu waliona kilicho wazi: kukubali kupanda gari siyo kukubali kuvunjwa mgongo halafu usilipwe. Unapopanda daladala iliyojaa unajua hatari. Umekubali kufa bure? Basi mshika bendera naye hajakubali. Amekubali kusimama pale ili wewe uwe salama.

Mwaka 2014 mambo haya yalilipuka Ulaya nzima, na cheche yenyewe ilitoka zizini, siyo uwanjani. Slovenia, mwaka 2007, watu walikuwa wanapanga majani makavu kwenye dari la ghala. Trekta lenye tela likarudi nyuma uani, tela likagonga ngazi, mtu aliyekuwa juu yake akaanguka. Kampuni ya bima ikasema trekta lilikuwa linatumika kama mashine shambani, siyo kama chombo cha usafiri barabarani, hatulipi. Kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Tarehe 4 Septemba 2014 mahakama ikasema bima ya lazima inahusu matumizi yoyote ya chombo yanayolingana na kazi yake ya kawaida. Maana yake ni kwamba mipaka ya barabara siyo tena mipaka ya ulinzi wa mtu.

Mnaona kilichofuata? Ndugu zetu wa michezo ya magari walipiga yowe. Kama bima ya lazima inaingia mpaka shambani, itaingia mpaka uwanjani, na nani atakatia bima watu 20 wanaogongana makusudi kila Jumapili? Mchezo utakufa! Na kusema kweli walikuwa na hoja: kulazimisha kila gari la mbio liwe na bima ileile ya barabarani, inayolipa kila mgongano wa washindani, kungekuwa kichekesho.

Basi kukawa na njia mbili za kujibu, na hapa ndipo utamjua nani anafikiri na nani anakimbia.

Uingereza, ikiwa imeshatoka Umoja wa Ulaya, ilichagua kufuta. Sheria ikapitishwa Aprili 2022 kuondoa athari za hukumu ile, na serikali ikajisifu kwamba imemwokolea mwenye gari nyongeza ya pauni 50 kwa mwaka. Ulazima ukarudi kwenye barabara na maeneo ya wazi kwa umma. Uwanjani, mjipange wenyewe.

Umoja wa Ulaya ulichagua kukata keki vizuri. Waraka wake wa Novemba 2021, ulioanza kutumika Desemba 2023, unasema michezo ya magari ndani ya eneo lililofungwa na kuwekewa mipaka haibanwi na bima ya kawaida, iwe mashindano, mazoezi au majaribio. Lakini kwa sharti: nchi ihakikishe mwandaaji au mtu mwingine ana bima mbadala inayolipa madhara kwa watu wengine, watazamaji na wapita njia wakiwemo. Madhara kwa madereva wanaoshiriki na magari yao? Siyo lazima.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho. Bati la mshiriki siyo lazima. Binadamu wa pembeni ni lazima. Ndicho ninachokisema mimi tangu juu, ila wao wamekisema kwa lugha ya suti. Na mimi ningekwenda hatua moja zaidi: na huyo dereva mwenzako awekwe ndani, angalau kwa mwili wake. Gari lake alibebe mwenyewe, lakini uti wa mgongo wake usiachiwe bahati.

Mtaniambia, "Ukiweka bima ya lazima, kiingilio kinapanda, vijana wanarudi kukimbizana barabarani usiku, na huko ndiko wanakoua watu." Hoja hii naiheshimu, kwa sababu ni kweli uwanja ni salama kuliko barabara yenye wapita njia. Lakini angalieni mbio kubwa zinavyofanya. Kwenye mashindano ya dunia ya rali, ada ya kushiriki inakuwa na bima ya dhima kwa watu wengine ndani yake. Hujalipa, huanzi. Hakuna anayesema rali imekufa kwa sababu hiyo. Mwandaaji ananunua bima moja ya tukio zima, gharama inagawanywa kwa vichwa, inaingia kwenye tiketi. Kama waliozoea hatari na wenye mafunzo wanatakiwa kuwa nayo, kwa mantiki gani mwanafunzi wa jana aliyeingia na gari la mjomba asitakiwe?

Na msidhani haya ni ya wazungu tu. Afrika Mashariki tuna damu ya mbio. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 2021 Kenya ikarudi kwenye mashindano ya dunia huko Naivasha. Siku hizi vijana wetu nao hukodi kiwanja, wanapanga matairi pembeni, magari yanazungushwa mpaka moshi unafunika watazamaji. Sasa fungueni sheria. Sheria ya bima ya magari ya Tanzania, Sura ya 169, inamlazimisha mtu awe na bima anapotumia gari barabarani. Ya Kenya, Sura ya 405, vilevile: barabarani. Zote mbili zimefuata nyayo za ile ya Uingereza ya 1930. Neno hilo moja, "barabarani", ndilo linaloamua kama mtoto aliyekaa juu ya tairi kuangalia magari analindwa na ulazima wa sheria au analindwa na Mungu peke yake.

Wenye neno wanasubiri nini? Wanasubiri gari liruke kamba, litue kwa watu, ndipo iundwe tume, tume ipewe siku 30, ripoti ikae kabatini? Sharti lenyewe ni mstari mmoja kwenye kibali: hakuna kiwanja bila bima ya mwandaaji inayowahusu watazamaji, wasaidizi na abiria. Huo mstari haumuui mtu yeyote mchezo wake.

Na nyie mnaopenda hizo burudani, mnaokwenda kuangalia na mnaokwenda kuendesha, msikae mkisubiri bunge. Getini ulizeni maswali matatu. Bima ya tukio hili ni ya kampuni gani na karatasi iko wapi? Inamlipa nani akiumia, mtazamaji, msaidizi, abiria, au uzio tu? Na mimi nikimuumiza mtu, inanibeba mpaka kiasi gani? Mwandaaji akianza kukuna kichwa, geuza. Kama ni wewe unayeendesha na huna la kujibu swali la tatu, basi usimkaribishe rafiki yako kiti cha mbele ukamwambia "funga mkanda, utaenjoi." Huo siyo urafiki.

Kwa hiyo wale wa "bima wote wezi", pumzikeni. Gari lako ni raha yako, lipasue, litengeneze, uza kiwanja ulipie, mimi na mama wa Vitz hatutakuchangia hata mia. Lakini siku ukimgonga mtu, usiniletee habari za kukubali mwenyewe. Mtu siyo spea, huwezi kumwagizia mwingine kutoka Dubai.

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja aje nayo, mwenye matusi abaki nayo.